Bodi ya Mayai ya Benta

Kijiwe chetu hapa Malaba ni benchi moja nje ya duka la fundi Mukhwana, pale malori yanapoanza foleni ya kuvuka kwenda Uganda, na asubuhi hiyo nilikaa hapo na laptop magotini, mtoto mgongoni, kwa sababu Mukhwana alikuwa amenipa kazi yangu ya kwanza, kuchora bodi ya saketi ya mashine ya kuangulia mayai ya mteja wake Benta, na alisema saa sita mchoro unaenda Nairobi kutengenezwa, ukirudi na kosa, Amoding, rudi kuuza mandazi yako. Nilikuwa nimegundua kitufe cha kupanga: unachagua vifaa vyote, unabonyeza, vinasimama mstari mmoja katikati. Nikabonyeza. Nikawaonyesha wanywa kahawa wetu wawili, Mizani, aliyewahi kupima malori, na Padre, aliyetoroka seminari.

— Imenyooka, akasema Mizani. Hata hiyo foleni haijawahi kunyooka hivi.

— Kwani stima inajali mstari? akauliza Padre.

— Sana. Stima ni dereva wa trela, ikiona kona inapunguza mwendo. Ndiyo maana taa yangu hufifia. Waya imepindapinda kutoka Amukura.

— Taa yako hufifia kwa sababu umejiunganisha kwa jirani.

— Mzee, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingilia wapi hapa?

— Inaingia tu. Nakwambia hata kifaranga kitajua. Kikitoka kwa mashine iliyopangwa, kitatembea kwa laini. Kuku wa Benta watavuka barabara kama paredi ya shule.

— Na watasali kabla ya kula.

— Wataimba hata sauti ya tatu.

Nikacheka, hofu ikapungua kidogo, nikaanza kujiona fundi. Ndipo Benta mwenyewe akafika, mwenye mayai, trei zake nne ziko nyumbani zinangoja. Hakukaa. Akainama kwenye kioo cha laptop.

— Dada, hii yote inaingia ndani ya kasanduku?

— Ndiyo, mama. Inafunikwa kabisa.

— Sasa waya ya stima nitachomeka wapi?

Nikatazama. Tundu la waya nililokuwa nimeliweka ukingoni, kitufe kilikuwa kimelivuta hadi katikati pamoja na wenzake, limenyooka, limependeza, limezingirwa pande zote. Mizani akamtazama Padre. Padre akachungulia kikombe chake.

— Kahawa imeisha, akasema.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, mtoto akaanza kulia, nikambembeleza kwa mgongo huku kidole kinalisukuma tundu polepole hadi ukingoni, likabaki huko peke yake, nje ya mstari. Mukhwana akatoka dukani, akakodoa macho.

— Kazi safi, Amoding. Lakini haka kamoja mbona kametoka kwa laini?

Benta akajibu.

— Hako ni kangu, boss. Kaache hapo, tuma.

Mukhwana akatuma.