Mwamba Ambao Hamkuusikia

Mheshimiwa mwakilishi wa Gavana, Mkuu wa Chuo, wazazi wapendwa mliotoka Gilgil, Rhonda na kule Karagita, na nyinyi wahitimu kumi na wawili wa uhandisi wa migodi, hamjambo. Mimi Wangechi, mratibu wa atachimenti, yaani mafunzo ya wanafunzi kazini, nimeombwa niwaage kwa furaha maana leo nastaafu. Furaha sina, mtanisamehe.

Kwa miaka ishirini na mmoja niliwapeleka wanafunzi kwenye ule mgodi mkongwe wa Gilgil: muhula darasani, muhula chini ya ardhi. Huko niliwaacha mikononi mwa Mzee Kimaiyo, nyapara wa zamu, mtu mkali aliyekupa mtaimbo kabla hajakusalimu. Gonga paa la handaki, aliwaambia, halafu nyamaza. Mwamba mzima unalia vikali. Uliolegea unajibu kwa uzito, kama ngoma iliyonyeshewa. Siku moja mwanafunzi wangu Kipngetich alisimama akiandika maelezo badala ya kusikiliza. Mzee alimvuta kwa kola, na pale alipokuwa pakaanguka jiwe kubwa kama meza hii. Kipngetich yu hai, ana watoto wawili.

Mwaka juzi mgodi ukafungwa. Je, sisi tulifanya nini? Niliomba Mzee Kimaiyo aletwe chuoni afundishe, nikaambiwa hana cheti. Jamani, mtu aliyesikiliza mwamba miaka thelathini, eti hana cheti! Basi watoto hawa tukawapa mitaimbo wagonge ukuta wa karakana. Ukuta wa zege, waheshimiwa, una sauti moja tu, asubuhi hadi jioni.

Kisha nikaletewa vitabu vyao vya atachimenti nitie sahihi kwamba wamefanya kazi mgodini. Nilikataa wiki nzima. Cheptoo, ambaye mama yake anakata maua kwenye mashamba ya Naivasha ili amsomeshe, akaja ofisini analia.

"Madam, usiposaini, narudi kwa mama na nini?"

Nikasaini vyote. Mungu anisamehe, maana uongo ni wangu na hatari ni yao.

Jumatatu Cheptoo anaripoti kazini, mgodi wa dhahabu kule Migori, awe mkaguzi wa zamu ya asubuhi. Cheptoo, mwanangu, simama nikuone. Wachimbaji wakikuuliza kama paa liko salama, usiwaonyeshe cheti. Waambie hujui. Waambie ni mimi niliyesema hujui, mbele ya wazazi wako.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Tafadhali, msinipigie makofi.