Daktari Dirisha Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba namba nne, daktari wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wagonjwa wanamwita Daktari Dirisha. Mimi muuguzi, niliyekaa naye chumba kimoja kwa saa nyingi kuliko nilizokaa na mume wangu, nimepewa kazi ya kueleza jina hilo lilitoka wapi.

Alipoanza kazi alikuwa hodari wa kupima na mgumu wa kusema. Mgonjwa akishajieleza, daktari aliguna, akasoma majibu ya maabara, kisha akageukia dirishani kutafakari. Alitafakari mpaka chai yake ikapoa. Tatizo ni kwamba dirisha hilo linatazamana na mochwari.

Siku moja alikuja fundi cherehani mwenye vidonda vya tumbo. Daktari akasoma majibu, akatazama nje, akashusha pumzi, akatazama tena, akamwandikia dawa bila neno. Fundi aliyafuata macho yale na kuona yalikoishia. Alirudi nyumbani, akazifungia dawa kabatini kwa kuwa hakuona haja ya kujisumbua, akaanza kuaga ndugu mmoja mmoja. Cherehani yake akampa shemeji. Wiki mbili baadaye alikuwa hali, amebaki mifupa, na mkewe alitujia juu akitaka kujua ni ugonjwa gani huo usiotajika.

Daktari alipigwa na butwaa. Muda wote ule alikuwa akiangalia baiskeli yake, aliyoiegesha kwenye ukuta wa mochwari, maana wezi walikwisha kuondoka na kengele.

Mchana uleule aliipanda baiskeli hiyo kwenda kwa fundi, mimi nikiwa nimepakiwa nyuma na mfuko wa dripu. Alikaa kando ya kitanda, akamweleza ugonjwa wake mwanzo hadi mwisho: kwamba unatibika, na kwamba hatari iko kwenye zile dawa zilizofungiwa kabatini. Fundi hakuamini, akaelezwa upya. Kisha akalia, mkewe akalia, nami sikubaki nyuma. Shemeji peke yake ndiye hakuchangamka, kwa kuwa alikwisha kupokea oda ya sare za shule nzima.

Kesho yake daktari aligeuza kiti chake, akaligeuzia dirisha mgongo. Tangu hapo, kama ugonjwa hauui, hilo ndilo neno lake la kwanza. Kama unaua, husogea karibu, husema polepole, na foleni husubiri. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi na sijawahi kuzoea. Siku hizi hata mwenye mafua hutoka amefundishwa habari zote za pua yake.

Fundi alipopona alituletea pazia zito la kijani, akalitundika mwenyewe. Halijafunguliwa mpaka leo.

Daktari, asante kwa kujifunza kusema nasi. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za raha. Pazia tunabaki nalo. Wewe kaa nyumbani uiangalie baiskeli yako mpaka utosheke. Safari hii hakuna atakayeanza kuaga ndugu zake.