Pua ya Kivuva na Marashi ya Waweru

Ukishuka stejini Mwiki na kufuata njia ya vumbi inayopita nyuma ya kanisa, utakuta ubao mmoja umelazwa juu ya mawe mawili kando ya duka la gesi la Kivuva. Hicho ndicho kijiwe. Kulia kwake mitungi imepangwa ndani ya kizimba cha waya, kushoto Kaveke anachemsha kahawa chungu ya tangawizi kwa jiko la makaa. Mwenye akili zake angeuliza moto na gesi vinafanya nini jirani hivyo, lakini watu wa hapo walikuwa na pua ya Kivuva, na ndiyo maana walimwita Pua. Gari likishusha mitungi alipiga goti mbele ya kila mmoja, akainamia valvu, akavuta pumzi, kisha akasema: uko sawa. Wateja walitoka hadi Githurai 45 kwa ajili ya goti hilo. Nzioki, muuza gesi wa ng'ambo, alipima kwa povu la sabuni, naye Kivuva alimcheka mbele za watu: huyo anauza gesi ama anafua?

Basi yakamkuta. Tangu alipougua homa wiki chache nyuma, pua yake haikusikia kitu. Haikusikia tangawizi, haikusikia hata mtaro. Hakumwambia mtu, hata mkewe Kavindu. Aliendelea kupiga goti na kusema uko sawa. Nani angenunua gesi kwa Pua asiyenusa?

Asubuhi hiyo Waweru wa bodaboda alifika bila helmeti, ameshika kichupa cha marashi cha rangi ya waridi kama mtu aliyebeba yai.

— Niaje wazee. Pua, leo unanisaidia. Usiponisaidia nimeisha.

— Helmeti iko wapi? Kaveke akauliza.

— Nimemwachia mama wa pafyumu huko Thika, ndio anikubalie nije na hii ya kujaribia hadi jioni. Ni ya Wamboi. Jumapili naenda kujulikana kwao. Nikimpelekea kitu fake, dada zake watanimaliza.

Odongo akakipokea kichupa. Walimwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia duka la dawa.

— Imeandikwa Spring. Si hiyo ni ya godoro?

— Ni msimu wa majuu, maua yakianza kutoka, Waweru akajibu.

— Sisi tuko na misimu miwili, akasema mzee Githae, aliyeitwa Katiba kwa kuwa kila jambo kwake lilikuwa ndani ya katiba. Matope na vumbi. Huyo msichana ataivaa msimu gani?

— Wacheni Pua aongee, Waweru akasema, na kabla Kivuva hajarudisha mkono nyuma, akampulizia kwenye kifundo cha mkono.

Kivuva akahisi ubaridi. Akainua mkono puani, akavuta, akavuta tena. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Macho yote yalikuwa kwake.

— Ni nyepesi, akasema.

— Nyepesi nzuri ama nyepesi ya kuibiwa?

— Pafyumu haihukumiwi mbio mbio. Nuseni nyinyi kwanza, mimi nitafunga kesi.

Odongo akajipulizia shingoni, akafumba macho.

— Nasikia maua. Maua ya mlimau, ya watu wapole. Halafu, ngoja. Nyuma yake kuna kitunguu.

— Kitunguu? Waweru akauliza.

— Kiko mbali, lakini kiko. Kitunguu kilichosahaulika kwa gunia.

Mzee Katiba naye akapuliziwa kwenye kofia, akainusa.

— Si kitunguu, ni kabeji. Wanachukua maji ya kabeji iliyooza hotelini, wanaongeza maua kidogo, wanafunga. Katiba inasema mnunuzi ana haki ya kujua anajipaka nini. Na samaki mmoja akioza, wote wameoza, kwa hivyo usijidanganye na chupa ingine.

— Mzee, pafyumu ni kama ghorofa, Odongo akasema. Juu wanaweka maua wakuvutie, ukweli wanauficha chini. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Wahenga hawakuwa wanaongea juu ya suruali yako, Kaveke akamwambia, maana Odongo alikuwa ameshapulizia pindo la suruali na kuinama hadi chini.

Aliinuka machozi yakimlengalenga.

— Wueh. Chini ni kubaya. Chini ni yai viza kabisa.

Hapo Kaveke akaacha kuosha vikombe.

— Basi mimi nawaambia hiyo ni nini. Ni maua ya matanga. Wanaokota shada makaburini, wanakamua. Hayo maua ni ya wenye kulia, na hiyo ya chini ni ya marehemu.

Waweru akakiweka kichupa kwenye ubao na kujipangusa vidole.

— Na bado huyo mama amebaki na helmeti, mzee Katiba akaongeza kwa sauti ya chini. Helmeti si mzigo. Helmeti ni kichwa. Kichwa chako kiko Thika, kijana.

Waweru akajishika kichwa.

Lakini Kivuva alikuwa ameacha kusikiliza habari za makaburi. Kitunguu. Kabeji. Yai viza. Maneno hayo yalikuwa yake. Ndiyo aliyomwambia kila mteja akimkabidhi mtungi: ukisikia kitunguu kimeoza, kabeji au yai viza, usiguse kiberiti. Tena mbaya zaidi iko chini, kwa sababu gesi haipandi, inatambaa. Akatazama kizimba, akatazama miguu yao, akamtazama Kaveke aliyekuwa ameshika kipepeo apepee makaa.

Akaliinua jiko kwa mikono mitupu, na sufuria ikiwa juu yake, akavuka nalo barabara. Sufuria ikaanguka katikati ya njia na kahawa yote ikamwagika.

— Pua, umeingiwa na nini? Kahawa yangu!

— Tokeni hapo. Gesi inavuja.

Benchi likabaki tupu. Nzioki alitoka dukani mwake, akaona, akampa beseni la povu na sponji, na hilo lilimuuma Kivuva kuliko viganja vilivyoungua. Akapaka mtungi mmoja mmoja. Kwenye ule wa pembeni, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Mtungi huo ulishushwa alfajiri hiyo. Alikuwa ameupigia goti, akasema uko sawa. Akaikaza valvu hadi povu likatulia.

Ng'ambo, Waweru akajinusa tena.

— Huku ni maua tu. Haki, ni maua tu.

— Lakini Pua, Odongo akasema polepole, wewe ndio ulikuwa umekaa karibu na mitungi.

Hapo akatokea Becky wa ploti ya nyuma, kikombe mkononi, akiangalia kahawa iliyokuwa ikinywewa na vumbi. Wakamweleza.

— Na mtungi ulionipea jana? akauliza.

— Niliunusa, Kivuva akasema, na kweli aliunusa, ila hakusikia kitu. Akauliza: Umeshauwasha?

— Bado. Mamangu ndio nimemwacha anataka kuchemsha maharagwe.

Kivuva akakimbia na beseni, povu likimwagikia viatu, wote nyuma yake.

— Shosho, usiwashe!

Mama mzee akatokea mlangoni, njiti moja mkononi, haijawashwa.

— Ni nini mnakuja kama watu wa polisi?

Kwa mazoea Kivuva akapiga goti kizingitini, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Ukuta. Alipoinua uso, wote walikuwa wakimsubiri aseme uko sawa.

— Daktari, nisaidie, akasema. Mimi sisikii. Nina siku nyingi sisikii kitu.

Hakuna aliyemcheka. Odongo akainama, akanusa ndani, akanusa tena, na shingo yake, na suruali yake.

— Nasikia maua tu, na sijui kama ni yangu, akasema kwa woga.

Shosho akawatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama njiti yake.

— Sasa niwashe ama nisiwashe?

Kivuva akachovya sponji kwenye povu, akaingia ndani kwa magoti.