Msimamizi na Chupa Yake ya Maharage

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, kwa kuwa ndugu zake wa damu waliombwa mmoja mmoja na kila aliyeombwa akakumbuka ana kikohozi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu wa fundi saa, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza 1966 baada ya kurudia darasa, jambo alilosema baadaye kuwa lilipangwa.

Mwaka 1972 aliajiriwa kiwanda cha kufungasha maharage, kwenye mashine ya kutikisa, na huko akaona kwamba maharage yaliyomwagwa ovyo yakitikiswa, makubwa huja juu na madogo hushuka, akaapa kwamba mpangilio huo hauwezi kutokea bila Mpangaji mwenye akili, na alipofanywa msimamizi, mwaka 1979, akaamini kuwa Mpangaji huyo anamjua yeye binafsi.

Tarehe 6 Desemba 1975 alikuwa amemuoa mpimaji wa mizani wa kiwandani hapo, wakajaliwa watoto wanne, na siku moja mezani mke huyo alimweleza kwamba maharage yakitikiswa hufunguka mianya, dogo hupenya, kubwa hubaki juu kwa kukosa pa kupita, basi. Mwezi huo huo marehemu alimwachisha kazi, akisema mahali pake pameshapangwa, na kila mara dada yangu alipoomba kurudi kwenye mizani yake alitikisiwa chupa ya maharage mbele ya wageni, na siku chupa ilipokaidi, makubwa yakabaki chini, wageni waliambiwa hawana imani.

Kama Mpangaji yupo au hayupo, familia hii haina ugomvi na yeyote, ila inakataa katakata kwamba alipoteza muda kumpanga huyu juu ya mwenzake.

Mwaka 2017 miguu ilimvimba, akakataa vidonge kwa kuwa ugonjwa nao ulipangwa, mpaka maumivu yalipomkolea akapiga kelele aitiwe daktari upesi, na kwa miaka miwili mjane ndiye aliyemwogesha, akimshika kwapani asije akaanguka. Aliaga dunia tarehe 19 Juni 2019, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari waliomvumilia, majirani walioleta viti, na wafanyakazi wenzake, ambao wengi wamekuja kuhakikisha. Maharage ya ile chupa mjane aliyapika jana, makubwa na madogo sufuria moja, yakagoma kuiva hadi jioni, nanyi mmeyala.

Pumzika kwa amani, shemeji, huko chini hakuna wa kukutikisa uje juu.