Icilda Pinnock na Kiti cha Saba

Marehemu Icilda Maud Pinnock alizaliwa tarehe 4 Mei 1931 huko Cedar Gap, wilaya ya Portland, Jamaica, mtoto wa tano wa mkulima wa ndizi Ezekiel Dacres na mkewe Mavis.

Alisoma shule ya kanisa palepale Cedar Gap, akahitimu chuo cha ualimu Kingston mwaka 1952, akarudi kufundisha milimani. Mwaka 1955 alifunga ndoa na Wilmot Pinnock, seremala, mwanamume aliyejipikia bila kununa.

Walimu wengi walikuwa wanawake. Wakaguzi wa shule, wote kumi na wanne, wanaume. Aliomba kazi ya ukaguzi mara tatu, akajibiwa lilelile: mkaguzi hulala kwa walimu wakuu huko milimani, mwanamke atalala wapi? Mwaka 1968 aliwaandikia wake wa walimu wakuu ishirini na watatu, akiuliza kama wana kitanda. Ishirini na mmoja walikubali. Barua zao akazitandaza mbele ya kamati ya uteuzi. Mwenyekiti akasoma moja: "Njoo, dada. Hao wanaume wanamaliza kuku mzima, halafu wanaandika eti choo chetu kichafu."

"Na wewe kuku unakula, mama?" akamuuliza.

"Kipapatiko kinanitosha, mheshimiwa. Kazi ndiyo naitaka nzima."

Akapewa.

Shuleni alikagua madaftari ya watoto kabla hajagusa chai, na kila mwaka alipeleka majina ya wanawake wanaofaa ukaguzi. Alipostaafu Machi 1991, walibaki wanaume saba, wanawake sita, na kiti chake kitupu. Ikasemekana atapewa mwanamume.

"Sita si haba, Bi Pinnock," mkubwa mmoja akambembeleza.

"Basi chukueni nyie viti sita, sisi mtupe vinane."

Karamu ya kumuaga akaikataa mpaka kiti hicho apewe mwanamke. Ilifanyika Septemba, wiki ambayo Mwalimu Verona Tulloch aliteuliwa kukikalia kile kiti.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2006. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 12 Januari 2009, binti yake Claudette akimchana nywele.

Ameacha mume, Wilmot. Watoto watatu, Claudette, Lloyd na Beverley. Wajukuu wanane na kitukuu mmoja. Jeneza lake leo linabebwa na wakaguzi sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Aliagiza mwenyewe, kwa maandishi.

Mungu amlaze Icilda wetu kwa amani.