Kisanduku Kilichonyamaza

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Katoro, mbele ya duka la spea la Hozefa, na ubishi wake hunichosha kuliko kazi. Asubuhi hiyo Fuso la Gregory lilikuwa linanguruma hapo, safari ya Nkome kufuata dagaa. Mkewe Dorah yuko kabini na mtoto. Maduhu, fundi umeme tunayemwita Volti, alikuwa amelifungia kisanduku chenye kompyuta ndogo: sensa inapima upepo wa breki, ukipungua kinapiga kelele. Tatizo, kilikuwa kinapiga kelele hata upepo ukiwa umejaa. Gregory alishafura.

— Volti, king'oe! Toka Geita kinanilia masikioni.

— Sensa nzima, kaka. Umeme wa alternata inayochaji betri unavamia waya, kompyuta inadhani upepo umeshuka. Nimeweka kapasita iuchuje.

— Weka kubwa, — akasema Hozefa. — Ninayo moja ya spika za harusi. Hiyo inameza kila kitu.

Luka Karasha, mchimbaji, akatua kikombe.

— Bhabha, kapasita peke yake haitoshi. Sisi dhahabu tunaosha, tunarudia, mpaka tope liishe. Iambie kompyuta isome mara mia, ndiyo ichukue wastani.

— Mia ya nini? Elfu! — Hozefa akadakia.

— Elfu kumi! — Luka akapandisha. — Na ikiona upepo mdogo isiamini, ianze upya!

Ningecheka, ila uso wa Gregory ulinitia hofu. Volti naye alishachanganyikiwa. Akachomelea kapasita ya harusi, akaandika elfu kumi kwenye laptopu aliyoiunganisha na kisanduku. Gregory akakanyaga mafuta. Kimya. Akapiga honi. Kimya. Kijiwe kizima tukashangilia, na mimi nikiwamo.

— Haya, tunaondoka, — Gregory akasema.

Dorah akachungulia dirishani.

— Shikamoo, baba Kausar.

— Marahaba, — Hozefa akaitikia.

— Shemeji Volti, upepo ukiisha kweli, kitalia baada ya muda gani?

Volti akamtazama Luka. Luka akamtazama Hozefa. Hozefa akaangalia duka lake.

— Gregory, zima injini, swichi uiache, — Volti akasema. — Kanyaga breki mpaka upepo uishe.

Gregory akakanyaga, akakanyaga tena. Mshale wa geji ukaingia kwenye nyekundu, ukalala chini kabisa. Kisanduku kimya. Hakuna aliyegusa kahawa. Dorah alikuwa ameshashuka na mtoto mgongoni, yuko ng'ambo ya barabara, ndipo kikalia.