Bi Sambamba Anaaga Chumba cha Ramani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bi Sambamba anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Tumeagizwa tuandike wasifu wake kwa utulivu. Tumejaribu, tumeshindwa. Chumba kizima cha ramani kinacheka ovyo tangu Jumatatu, na hata mlinzi wa getini, mtu asiyejua kutabasamu, ameonekana akipuliza maputo.

Aliajiriwa kama karani mchoraji, enzi za wino na rula. Kompyuta zilipoletwa, sisi wengine tulikimbilia programu zenye picha na vitufe vya kubofya. Yeye akachagua ile iliyokosa mchumba: dirisha jeusi, tupu, lisilokupa kitu mpaka uliandikie amri. Tulimcheka. “Hili ni kama mume wangu,” alitujibu. “Usipoliambia unachotaka, litakaa kimya mpaka kesho.”

Humo ndimo alimojifunza jambo lililompa jina: kuigawa skrini vipande, kisha kuweka ramani mbili, tatu, hata sita sambamba, zote kwa kipimo kimoja na mipaka ileile. Akisikia watu wanabishania ramani moja, sauti hutoka meza ya mwisho: “Ziwekeni sambamba, wanangu, macho yatawaamulia!”

Si kwamba hakuteleza. Siku moja alitaka vipande sita, kidole kikaandika sitini. Skrini ikageuka chandarua, kila ramani ndogo kama stempu. Mkurugenzi wa wakati huo akapita, akasimama, akausifu “ubunifu wa kisasa”, akaomba nakala. Ilining'inia ukutani kwake miaka minne. Nani angethubutu kumwambia?

Lakini utani kando. Miaka kumi na mmoja iliyopita, uwanja wa kujenga wodi ya wazazi ulikuwa umeshaidhinishwa, tambarare nzuri kando ya mto. Mihuri imepigwa, mkandarasi ameshamwaga mchanga. Bi Sambamba alitumwa mkutanoni kuonyesha picha ukutani tu, basi. Akanyoosha mkono. “Mama, ramani tumeshaiona,” mhandisi mkuu akamwambia. Naye kwa upole: “Mmeiona moja, baba.”

Akaandika amri ya kwanza, skrini ikagawanyika mara mbili. Ya pili, kushoto ikatokea ramani iliyopimwa miaka hamsini nyuma. Ya tatu, kulia ikaja ya mwaka ule. Ya nne ikatia nukta nyekundu mahali pa wodi, pande zote mbili. Kulia, nukta ilikaa kwenye nyasi. Kushoto, ilikaa katikati ya mto.

Mhandisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. “Tuhamishe,” akasema.

Wodi ikajengwa kilimani. Mwaka wa tatu mvua zilikuja kwa vishindo, mto ukakumbuka njia yake ya zamani, ukaulalia ule uwanja siku tisa. Katika siku hizo hizo, watoto kumi na wanne walizaliwa kule juu bila soksi hata moja kulowa. Mhandisi alikuja chumbani kwetu kwa miguu, matope hadi magotini, akamshika Bi Sambamba mikono yote miwili. “Kaa basi, baba,” akaambiwa. “Unalowesha karatasi.”

Anayeteseka ni mumewe, fundi cherehani. Kila suruali inayotoka mashineni mkewe huilaza mezani, mguu sambamba na mwenzake, na ole wake uliopungua upana wa ukucha! “Sikuoa mke,” hulalamika kwa majivuno, “nimeoa futikamba.”

Makarani ishirini na saba wamepita mikononi mwake. Hakumfokea hata mmoja, alivuta kiti tu, akasema, “Andika tena, polepole.” Wiki iliyopita karani mpya kuliko wote alizipanga ramani nne kwa mara ya kwanza, zote zikakaa sawa. Bi Sambamba alipiga kigelegele hadi watu wa ofisi ya jirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Ahsante, mama yetu. Tunakuombea afya, amani na siku ndefu za furaha. Lala mpaka jua likuchoke. Na Jumatatu simu yetu ikiita, usiipokee. Sisi wenyewe hatujiamini kwamba hatutapiga.